Machela ya Mzee Mughwai

Ng'ombe wa mahari walikwisha kuingia zizini. Tangazo la ndoa lilikwisha kusomwa kanisani mpaka likachosha masikio, na hakuna aliyesimama kupinga. Shangazi Kristina alikwisha kuloweka uwele wa togwa, na gauni la harusi lilikuwa limetundikwa chumbani kwa Selina likingoja Jumamosi. Halafu Yotamu Mkandawire, mwanamume aliyeweza kutoboa mwamba wa Unyaturu mpaka maji yakaruka juu, akafungua kinywa chake mwenyewe na kuibomoa harusi yake mwenyewe.

Yotamu alikuwa Mmalawi, fundi wa mtambo wa kuchimba visima. Kampuni yake ya kigeni ilikuja upande wa Ikungi kutafutia maji vijiji vipya, na kiangazi kizima mtambo ule ulinguruma hadi kuku wakaacha kutaga. Siku maji yalipotoka, Selina binti Mughwai ndiye aliyesukumwa mbele ayaonje. Akayaonja, akatema, akamwambia fundi mbele ya watu wote kwamba yana ladha ya misumari. Yotamu akacheka mpaka akashika mbavu. Kuanzia siku hiyo alikuwa na sababu chungu nzima za kupita karibu na nyumba ya Mzee Mughwai, na hakuna hata moja iliyohusu maji.

Sasa kazi ilikuwa imekwisha. Jumamosi harusi, Jumatatu safari ya Zambia, ambako kampuni ilikuwa imepata mkataba mpya. Alasiri hiyo alikuja kumsalimu mkwewe mtarajiwa, kama adabu inavyotaka. Alikaribishwa kigoda, akapewa kata ya togwa, na mazungumzo yakaenda vizuri hadi Mzee Mughwai alipoanza kuzungumzia bima.

Mzee Mughwai alikuwa akiipenda sana bima. Miezi iliyopita Yotamu alimweleza kwamba wafanyakazi wageni kama yeye hukatwa sehemu ya mshahara, ikapelekwa kwa kampuni moja ya bima ya matibabu huko Nairobi. Mzee akaelewa mara moja, kwa namna yake. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe kwa rafiki yake Iramba, na wengine Mitundu, kama wafanyavyo wenye mifugo wote, ili maradhi yakiingia zizi moja yasimwache mikono mitupu. Alikuwa amewatangazia majirani kwamba mkwewe ana akili, ameweka mali kwa rafiki Nairobi.

"Sasa mwanangu," alisema Mzee, "harusi ikipita, wale wako wa Nairobi utawaita nyumbani?"

"Akina nani, baba?"

"Mali yako. Ile unayoiweka kwa Bima."

Yotamu akatabasamu. Masikini, hakuona shimo. "Ile hairudi, baba. Ile ni ya ugonjwa. Ukiugua wanalipa hospitali."

"Na usipougua?"

"Usipougua, unamshukuru Mungu."

Mzee Mughwai aliiweka kata chini. Selina, aliyekuwa akipepeta nafaka kando ya mlango, aliiona sura ya baba yake ikibadilika, akataka kumkonyeza Yotamu anyamaze. Lakini Yotamu alikuwa anatazama mbele tu, ameshiba furaha.

"Na Selina naye nitamwandikisha kabla ya Jumatatu," aliendelea. "Mke asipoandikwa kabla ya mkataba kuanza, hawamkubali tena mpaka mkataba uishe. Daktari atampima kwanza. Hata kujifungua wanalipa, ila mimba iwe imeingia baada ya jina kuandikwa. Wako wakali sana hapo."

Shangazi Kristina alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Selina alitamani ungo umfunike mzima mzima.

"Ngoja nielewe," alisema Mzee Mughwai polepole. "Umenitolea ng'ombe. Nimekupa binti mzima, hana hata kikohozi. Na wewe unamchukua unampeleka kwa watu waliokaa huko wanangoja augue?"

"Hawangoji augue, baba. Wanajiandaa tu."

Mzee akasimama. Alipiga fimbo chini, na Selina hakuwa amewahi kumwona baba yake hivyo, hata siku ile fisi walipoingia zizini.

"Wanajiandaa! Ugonjwa hauandaliwi nyumbani kwangu! Sikiliza, mgeni. Mke nimekupa, sirudi nyuma. Lakini bima simpi. Mchukue bila hiyo bima yako, Jumamosi mfunge ndoa. Ukitaka kumwandika huko, zizi liko wazi, ng'ombe wako uwatoe leo hii. Chagua."

Yotamu naye alisimama. Alivua kofia, akainamisha kichwa kwa heshima, na alipokiinua macho yake yalikuwa yamelowa.

"Baba, nisamehe. Simvushi mpaka bila bima."

"Basi humvushi," alisema Mzee Mughwai, akaingia ndani.

Selina alimkuta Yotamu penye ua wa minyaa, amesimama kama mtu aliyesahau njia. Alikuwa amekimbia, lakini alipomfikia alijikuta hana la upole hata moja.

"Kwa hiyo umechagua kampuni."

"Selina..."

"Baba amekwambia unichukue! Kitu alichokataa ni kimoja tu, na wewe hicho hicho ndicho ulichong'ang'ania. Mwanamke anayesubiriwa na gauni ukutani, unamwacha kwa ajili ya watu wa Nairobi usiowajua hata sura!"

"Nakupenda kuliko unavyodhani."

"Basi mkubalie. Sema sawa, bima hakuna. Kisha Jumatatu tukiwa njiani uandike jina langu. Baba atajua wapi?"

Ukweli ni kwamba wazo hilo lilikuwa tamu. Selina alilitamka harakaharaka, huku akitazama nyuma, na moyo wake ukadunda kwa tumaini. Yotamu alimtazama. Alikuwa na macho yale ya kutulia, macho yaliyomfanya Selina siku ya kwanza asahau ndoo yake kisimani.

"Sitaanza ndoa kwa kumdanganya baba yako," alisema. "Wala sitakupeleka ugenini mikono mitupu. Yote mawili siyawezi."

"Ugenini kuna nini? Wewe hapa ni mgeni, mbona huli mchanga?"

Yotamu aliegemea mti wa lango. Alipoongea, alishusha sauti.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Zefania. Tulikwenda kufanya kazi nchi ya watu, kwenye machimbo. Tulipofika tukaambiwa kuna bima, wageni mnakatwa kidogo. Mimi nikaandikwa kwa kuogopa tu. Zefania akasema ni wizi, pesa inakwenda hairudi, kama baba yako alivyosema leo. Akaugua. Nikambeba mgongoni, Selina. Hospitali ya kwanza wakauliza, nani atalipa? Nikasema mimi nina bima. Wakasema bima ni yako, siyo yake. Tukaenda nyingine, wakauliza hivyohivyo. Nikasimama barabarani nikapiga yowe, kama tunavyofanya kwetu mtu akizidiwa. Unajua walifanya nini? Walifunga madirisha."

Selina alitaka kuuliza ikawaje, lakini jibu alikwisha kuliona usoni pake.

"Kule hakuna wa kukubeba," alisema Yotamu. "Kuna mlango, na mtu mlangoni anauliza wewe ni wa nani. Nataka ukifika mlango huo, hata kama mimi niko chini ya ardhi na mtambo, wakute jina lako. Hilo tu. Kama baba yako hataki, nitakwenda peke yangu na nitakupenda nikiwa huko."

Akavaa kofia yake, akaondoka kuelekea kambini. Selina alibaki ameshika minyaa bila kujali utomvu wake, akilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alikuwa amekasirikia wanaume wote wawili, na ubaya ni kwamba wote wawili aliwapenda.

Shangazi Kristina alimfuata pale pale. Alimfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Usimwone baba yako mjinga," alisema. "Ana lake moyoni."

"Lipi hilo, shangazi, la kuniharibia maisha?"

"Mama yako alipokuwa na mimba ya pili, ilimsumbua tangu mwanzo. Baba yako kwa kumpenda, akaenda porini akakata miti miwili, akaichonga vizuri, akaiweka nyuma ya nyumba. Alisema siku ikifika sitaki kuhangaika kutafuta miti ya machela. Watu wakamwambia, Mughwai, unamwita nani? Hakusikia. Mama yako akazidiwa kabla ya miezi kutimia. Walimbeba kwa miti ile ile kwenda misheni Kilimatinde, wakipokezana mabega, mvua juu yao. Hawakufika naye hai. Wakageuka wakambeba mpaka hapa."

Selina hakuwahi kuambiwa habari ya miti. Alichojua ni kwamba baba yake hakuacha mti wowote ulale nyuma ya nyumba, hata wa kujengea.

"Tangu siku ile," alisema shangazi, "yowe likipigwa, wa kwanza kufika kubeba ni yeye. Lakini kuandaa, hapana. Anaamini ile miti ndiyo iliyomwita mkewe kaburini."

Walikuwa bado wamesimama hapo yowe lilipopigwa kweli.

Alikuwa Nathanaeli, jirani wa bondeni, anakuja mbio bila viatu. Mkewe Anastasia alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga alikuwa amenawa mikono, akasema mtoto amelala kikingamo tumboni, hilo si lake tena, ni la hospitali. Mvua za kwanza zilikuwa zimeijaza mbuga iliyotenga kijiji na barabara, na gari halikuweza kuvuka tope lake jeusi. Wanaume wakaanza kutokea kila upande. Mzee Mughwai alikuwa ametoka kabla yowe halijarudiwa.

"Lori letu liko ng'ambo, barabarani!" Ilikuwa sauti ya Yotamu. Alikuwa amegeuka njiani aliposikia yowe, na alifika akihema. "Mkimvusha mbuga tu, dereva atampeleka."

"Miti!" Nathanaeli alilia. "Nani ana miti?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema akate mti wa boma, mwingine akasema umeoza. Mwingine akatumwa shoka, shoka likawa limeazimwa. Sauti ya Anastasia ilisikika kutoka bondeni, na Selina alimwona baba yake amesimama, fimbo mkononi, akitazama nyuma ya nyumba yake mahali pasipokuwa na kitu.

Yotamu hakusubiri. Aligeuka akakimbia kambini, na watu hawajaafikiana bado juu ya shoka, alikuwa amerudi na machela begani. Turubai imara, miti miwili laini, kamba zake zimekazwa tayari.

"Twendeni," alisema.

Wakamlaza Anastasia, wakamfunika, wakainua. Mzee Mughwai alishika mbele, kama kawaida yake, na Yotamu akashika nyuma. Wanawake walifuata na kanga na maji, Selina miongoni mwao. Walipoingia mbugani tope lilifika magotini. Yotamu alikuwa na nguvu, lakini ubebaji wa pale ulikuwa na utaratibu wake, na yeye hakuujua.

"Badili bega, mgeni!" Mzee Mughwai alifoka bila kugeuka. "Unamyumbisha mke wa watu! Tukisema hoya, wote pamoja!"

"Ndiyo, baba!"

"Hoya!"

"Hoya!"

Selina aliwatazama wanaume wawili waliomkasirisha, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakibadili mabega kwa sauti moja. Katikati ya mbuga baba yake aliteleza. Alipiga goti moja topeni, lakini hakuuachia mti. Wanaume wakamkimbilia.

"Niacheni!" alisema. Kisha akamwona Yotamu amekaza miguu kule nyuma, ameinua uzito ili machela isiiname, shingo imemtoka mishipa. Mzee akampa Nathanaeli nafasi yake, akatembea kando, mkono wake umeshika ukingo wa turubai mpaka barabarani.

Lori likaondoka na Anastasia, mumewe na mkunga. Waliobaki wakaketi kwenye majani kupumua. Machela ilikuwa imeachwa pale, maana ndani ya lori mlikuwa na godoro. Mzee Mughwai aliiinamia, akapapasa fundo la kamba, akapapasa mti.

"Hii mliitengeneza lini?" aliuliza bila kumtazama Yotamu.

"Kitambo, baba. Tangu tulipokuwa tunachimba Kinampanda. Watu wa bima wanadai kila kambi iwe nayo."

"Kitambo chote hicho ilikuwa imekaa tu? Imetengenezwa, imekaa?"

"Imetundikwa nje ya hema langu."

"Na nani aliugua?"

Yotamu alifikiri. "Mpishi aliumwa jino."

"Akafa?"

"Hapana, baba. Yuko, anatupikia maharage mabichi mpaka leo."

Wanaume wakacheka kwa uchovu. Mzee Mughwai hakucheka. Alibaki ameushika ule mti, na midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayezungumza na asiyeonekana. Selina aliona kwamba yeye mwenyewe akinyamaza sasa atanyamaza maisha yake yote. Akaja, akapiga magoti kwenye majani mbele ya baba yake.

"Baba, naomba kusema."

"Sema."

"Wale waliombeba mama, uliwalipa nini?"

Hakuna aliyewahi kumtajia Mzee Mughwai jambo hilo hadharani.

"Hawalipwi," alijibu hatimaye. "Mimi niliwabeba wa kwao, na wao wakanibebea wangu."

"Na wewe umebeba watu miaka yote hii. Mwenyewe hujawahi kulazwa kwenye machela. Umewahi kuwaambia, mimi sijaugua, nirudishieni mabega yangu?"

"Unasema nini, Selina?"

"Nasema bima siyo ng'ombe waliowekwa kwa rafiki, baba. Bima ni hiki mlichofanya leo. Yotamu alipokuja hapa hakuwa na ndugu wa kumbeba, ndiyo maana akanunua mabega. Na huko ninakokwenda sitakuwa na Nathanaeli, wala wewe wa kufika wa kwanza. Nitapiga yowe, nao watafunga madirisha." Akamwonyesha Yotamu kwa mkono. "Nampenda, baba. Nitakwenda naye, na nataka jina langu liandikwe, na nataka iwe kwa baraka yako. Hakuna anayemwita mwenzake kaburini kwa kuchonga miti. Ulimpenda mama. Ulifanya vizuri."

Mzee Mughwai alifunika uso kwa kiganja chenye tope. Mabega yake yalitikisika, na wanaume wenzake wakageuza macho kutazama mbuga, kwa heshima. Yotamu alisogea akachuchumaa kando ya Selina, bila kumgusa, karibu kiasi kwamba Selina alisikia joto lake.

"Hii machela," alisema mzee alipopata sauti, "utaniachia."

"Ni mali ya kampuni, baba," alisema Yotamu.

"Basi iambie kampuni mimi nimetoa binti."

Safari hii hata Mzee mwenyewe alicheka, machozi yakiwa bado usoni.

Waliirudisha wenyewe, Yotamu nyuma na mzee mbele, machela tupu, kana kwamba haiwezekani mtu mmoja kuibeba begani. Selina alitembea kando yao. Mara moja mkono wa Yotamu ulioning'inia uligusa wake, na hakuuondoa.

Kesho yake jua lilikuwa linachomoza dereva alipoleta habari kwamba Anastasia yuko hai na mtoto analia kwa nguvu. Shangazi Kristina alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakashtuka. Mzee Mughwai alichukua machela akazunguka nayo nyuma ya nyumba, mahali pale ambapo hapakuwekwa mti tangu Selina akiwa mtoto. Akapigilia vigingi viwili ukutani, akaitundika, akaitikisa kuona kama inashika. Akaweka kiganja juu ya turubai.

Kisha akaita, "Kristina! Uwele wako haujaharibika?"

"Harusi ni Jumamosi, mimi sijamwaga kitu!" shangazi alijibu kutoka jikoni.

Mzee aligeuka, akamkuta Selina amesimama kwenye kona ya nyumba akimtazama.

"Siku ya kukuandika," alimwambia, "uwatajie pia jina langu."

"Kwa nini, baba? Wao wanataka la mke tu."

"Uwatajie tu. Na hili la kijiji uwatajie. Waambie una watu nyumbani, wasije wakadhani wanakubeba peke yao."